Nani Kakaa Mezani? Wahamiaji, Bunduki na Ubaguzi Kwenye Muvi za Mafia

Chukua muvi yoyote ya kimafia unayoikubali, halafu hesabu vitu viwili tu: mara ngapi watu wanapigana risasi, na mara ngapi watu wanakula. Utashangaa. The Godfather inaanza na harusi, watu wanacheza, divai inamwagwa, na damu bado haijamwagika hata tone. Kwenye Goodfellas jamaa watatu wana mtu kwenye buti ya gari ambaye wanaenda kumzika porini, lakini wanapitia kwanza kwa mama wa mmoja wao, usiku wa manane, na mama anawapikia. Wanakula, wanacheka, buti iko nje inawasubiri.

Wengi wetu tunatoka kwenye muvi hizi tukikumbuka risasi. Leo nataka tuongelee hiyo meza. Maana ukifuatilia historia ya wahamiaji kwenye sinema za Marekani, hasa Waitaliano, utakuta ni historia ya nani alipewa meza ya kukaa na familia yake mbele ya kamera, na nani alipewa bunduki peke yake. Halafu kuna swali la tatu ambalo lilichelewa sana kuulizwa: mwenye meza alipokwisha kukaa, alimfungia nani mlango?

Twende taratibu.

Waliokuja na mabegi

Kati ya mwaka 1880 na 1920 Waitaliano zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani. Wengi walitoka kusini na kisiwa cha Sicily, watu wa mashamba, hawana kitu. Walichimba mahandaki, walitandika reli, walibeba matofali, wanawake walishona nguo vyumbani kwao. Maisha ya kuungaunga kama ya mhamiaji yeyote.

Leo ukimtazama Mmarekani mwenye asili ya Italia unaona mzungu tu. Enzi zile haikuwa hivyo. Tangu 1899 maofisa wa uhamiaji wa Marekani walikuwa wanawaandika Waitaliano wa kaskazini na wa kusini kama watu wa mbari mbili tofauti, na wa kusini ndio walioonekana wabaya. Weusi kidogo, wachafu, wenye visu. Ndiyo sifa walizopewa.

Na sifa hizo ziliua watu. Oktoba 1890 mkuu wa polisi wa New Orleans, David Hennessy, alipigwa risasi akafariki. Waitaliano wakakamatwa kwa makundi. Kesi ya kwanza ikasikilizwa, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Kesho yake, Machi 14, 1891, umati ulivamia gereza na kuwaua Waitaliano 11. Baadhi walikuwa wameachiwa na mahakama, wengine hawakuwa hata wamefikishwa kizimbani. Marekani ikaja kuilipa Italia karibu dola 25,000, mambo yakaisha. Waliofanya mauaji hakuna aliyefungwa.

Mwaka 1924 bunge likapitisha sheria ya kufunga mlango kabisa. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kulikuwa na miaka ambayo Waitaliano zaidi ya 200,000 waliingia kwa mwaka mmoja. Sheria mpya iliwapa nafasi 3,845 kwa mwaka. Hebu rudia kuisoma hiyo namba.

Sasa, katikati ya hayo yote, sinema ndiyo kwanza inazaliwa. Unadhani ilimchora vipi huyu Muitaliano?

Jambazi asiye na nyumbani

Moja ya filamu za kwanza kabisa za aina hii ni The Black Hand ya 1906. Ni fupi, dakika kama 11. Jamaa wawili wanamwandikia barua ya vitisho mwenye bucha, wanataka hela, la sivyo watamteka mwanaye. Wanamteka kweli. Cha kuzingatia ni kwamba mtekaji ni Muitaliano na mwenye bucha naye ni Muitaliano. Mwathirika wa kwanza wa jambazi mhamiaji ni mhamiaji mwenzake, jirani yake wa mtaa uleule. Filamu hii ya zamani ilionyesha jambo hilo bila kutaka, lakini mtazamaji alichobeba nyumbani ni kisu na barua.

Mwaka 1915 ikatoka The Italian, na hapa ndipo tunaona meza kwa mara ya kwanza. Kijana mwendesha boti wa Venice anahamia New York, anang'arisha viatu, anamleta mchumba wake, wanaoa, wanapata mtoto. Mtoto anaumwa, anahitaji maziwa salama, hela zenyewe anaporwa njiani. Anapojaribu kuzidai kwa nguvu anakamatwa yeye. Anatoka jela, mtoto ameshakufa. Baadaye anapata nafasi ya kulipiza kisasi kwa mtoto wa bosi mmoja aliyekataa kumsaidia, anaingia hadi chumbani, halafu mkono unamgoma. Muvi nzito sana ile, na hakuna mafia hata mmoja. Mwigizaji wake mkuu, George Beban, hakuwa Muitaliano, lakini kwa mara moja watu walilipa kiingilio wakamlilia Muitaliano badala ya kumwogopa.

Njia hiyo haikufuatwa. Kilichouza ni bunduki. Mwaka 1931 ikaja Little Caesar, mwaka 1932 ikaja Scarface ya kwanza, na Marekani nzima ikawa inajua Muitaliano wa kwenye muvi anaongea vipi na anavaa kofia gani. Rico wa Little Caesar hana mke wala mtoto, hana kwao. Ana njaa ya kuwa mkubwa tu, basi. Tony wa Scarface ana mama na dada, lakini mama yupo pale kuonya na kulia.

Cheki waigizaji sasa. Rico alichezwa na Edward G. Robinson, Myahudi aliyezaliwa Bucharest, Romania. Tony alichezwa na Paul Muni, Myahudi aliyezaliwa kwenye himaya ya Austria na Hungary. Yaani wahamiaji wa kabila moja ndio walipewa kazi ya kuwachora wahamiaji wa kabila lingine. Weka hii kichwani, tutairudia.

Wakaguzi wa maadili waliibana Scarface kweli kweli. Ikabidi iongezwe kichwa cha ziada kinachosema ni aibu ya taifa, na ikaongezwa sehemu ambapo wakubwa wa mji wanakaa kujadili majambazi. Mmoja anasema nusu yao si hata raia. Halafu mzee mmoja wa Kiitaliano anaitikia kwamba watu hawa wanawaletea aibu Waitaliano wote. Ukitaka kujua ubaguzi unafanyaje kazi, tazama hapo: mzee hajaiba, hajaua, lakini yeye ndiye anayeomba radhi.

Na kanuni ya miaka ile ilikuwa lazima jambazi afe mwishoni. Sisi huku tumezoea kusema stelingi hafi. Kwenye muvi hizi stelingi ndiye anayekufa, tena kifo cha mbwa, ili mtazamaji arudi nyumbani roho imetulia.

Bosi anataka kunusa tambi

Ruka hadi mwishoni mwa miaka ya 60. Paramount wana kitabu cha Mario Puzo mkononi, lakini wana kidonda: mwaka 1968 walitoa The Brotherhood, muvi ya kimafia, ikaanguka. Kirk Douglas ndiye alikuwa stelingi na mwongozaji alikuwa Martin Ritt. Kati ya hao wawili hakuna Muitaliano. Robert Evans, bosi wa studio, alikuja kusimulia kwamba safari hii alitaka muvi ambayo mtazamaji atanusa tambi. Ndiyo maana kazi ikaenda kwa kijana wa miaka 30 na kidogo, Francis Ford Coppola, mjukuu wa wahamiaji wa Kiitaliano.

Coppola akafanya kitu ambacho wengine hawakufanya: akaleta ukoo mzima. Dada yake Talia Shire akacheza Connie. Baba yake Carmine akatunga sehemu ya muziki. Mtoto anayebatizwa mwishoni ni binti yake mchanga, Sofia. Kabla ya kuanza kazi aliwakusanya waigizaji mgahawani wakala pamoja, kila mtu kwa nafasi yake ndani ya familia, Marlon Brando akiwa kichwa cha meza. Kwenye muvi yenyewe Clemenza anasimama kwenye jiko anamfundisha Michael kupika mchuzi wa watu ishirini. Vita ya magenge inaendelea nje, ndani kuna vitunguu saumu.

Kulikuwa na upinzani. Mwaka 1970 ilianzishwa jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia, na mwanzilishi wake alikuwa Joe Colombo. Wakafanya mkutano mkubwa Columbus Circle, New York, maelfu ya watu. Wakalalamika kwamba neno Mafia linawachafua wote. Watu wa kawaida kabisa, walimu, mafundi, walioshiba matusi ya tangu 1891, walikuwa na hoja ya kweli pale. Kasheshe ni kwamba Colombo mwenyewe alikuwa bosi wa moja ya familia 5 za mafia za New York. Mtayarishaji Albert Ruddy akakaa naye, wakakubaliana neno Mafia litolewe kwenye mswada, na kazi ikaendelea bila fujo. Juni 28, 1971, kwenye mkutano wa pili palepale Columbus Circle, Colombo akapigwa risasi kichwani. Hakupona sawasawa, akafariki 1978.

Muvi ikatoka Machi 1972 na unajua kilichofuata. Oscar 3, ikiwemo ya filamu bora. Mwaka 1974 ikaja ya pili na Oscar 6. Hiyo ya pili ndiyo muvi kubwa ya uhamiaji kuliko watu wanavyoikumbuka: mtoto Vito anafika Ellis Island mwaka 1901, peke yake, haongei, ofisa anachukua jina la kijiji chake analifanya jina la ukoo, anawekwa karantini, anakaa na kuimba akitazama dirishani. Sehemu ile ilipigwa Trieste, Italia. Na kwa faida yenu, kihistoria maofisa wa Ellis Island hawakuwa na kawaida ya kubadilisha majina, walifuata orodha ya meli. Muvi ilitunga. Lakini ilitunga vizuri kiasi kwamba familia nyingi Marekani zinasimulia hivyohivyo kuhusu babu zao.

Kwa hiyo Muitaliano sasa kapata meza. Tatizo ni kwamba chini ya meza kuna bunduki, na wewe mtazamaji umeshakaa, umeshakula, huwezi tena kuinuka na kusema hawa ni wauaji. Huo ndio ushindi wa The Godfather na ndio mtego wake.

Meza nyingine, ya mabosi

Kuna sehemu kwenye The Godfather ambayo watu huwa wanaipita haraka. Mabosi wa familia wanakutana kumaliza vita. Meza ndefu, maji, matunda, suti. Ajenda ni unga, waingie kwenye biashara ya kuuza unga au wasiingie. Bosi mmoja anasema mjini kwake angependa biashara hiyo ibaki kwa watu weusi, maana hao ni wanyama, waache wapoteze roho zao. Anasema kwa utulivu, kama mtu anayeongelea mizigo ya mbao. Hakuna anayempinga. Kikao kinaendelea, watu wanakumbatiana.

Fikiria vizuri. Hawa ni watoto na wajukuu wa watu ambao vibarazani New Orleans waliitwa wanyama. Sinema ya 1972 ilitupa sentensi hiyo moja halafu ikafunga mlango. Weusi wenyewe hatuwaoni. Hawana nyumba kwenye muvi ile, hawana mama anayepika.

Upande wa pili wa ile meza ulikuja kuonyeshwa miaka 19 baadaye, na aliyeuonyesha ni mtu mwingine kabisa. Tutafika.

Kabla ya hapo: zamu ya Wacuba

Mwaka 1980 Wacuba kama 125,000 waliingia Florida kwa boti kutoka bandari ya Mariel. Miaka mitatu baadaye ikatoka Scarface mpya, Al Pacino akiwa Tony Montana. Muvi inaanza na maandishi yanayosema kati ya watu hao, takribani 25,000 walikuwa na rekodi ya uhalifu. Mwaka 1984 Marekani na Cuba zilipokubaliana orodha ya watu wa kurudishwa kwa sababu hawakustahili kupokelewa, orodha ilikuwa na watu 2,746. Na ikumbukwe Cuba ya wakati ule ungeweza kufungwa kwa kuuza vitu magendo au kwa kuzurura tu, kwa hiyo hata hiyo rekodi ilikuwa na maana nyingi.

Wacuba wa Miami walikuja juu wakati wa maandalizi, sehemu kubwa ya kazi ikahamishiwa Los Angeles, na mwishoni muvi ikawekewa maelezo kwamba wahusika hawawakilishi jamii nzima ya Wacuba. Ni kama yule mzee wa 1932, ila safari hii radhi imeandikwa kwa maandishi.

Na mama yupo tena! Mama yake Tony Montana anafanya kazi kiwandani, Tony anamletea bunda la dola, mama anazikataa, anamwambia watu kama yeye ndio wanaowaharibia jina Wacuba wanaofanya kazi. Anamfukuza. Meza ipo, lakini Tony haruhusiwi kukaa. Kwangu mimi ndiyo sehemu bora ya muvi nzima, ila kwenye mabango na fulana utakuta bunduki na rundo la unga. Mama hajawahi kuchorwa kwenye fulana.

Sasa rudi kwenye lile jambo nililosema uliweke kichwani. Mwaka 1931 na 1932 Wayahudi waliwaigiza Waitaliano. Mwaka 1983 Mtaliano, Al Pacino, ambaye wazazi wa mama yake walitoka Corleone, Sicily, anamwigiza Mcuba. Kwenye waigizaji wakuu ni Steven Bauer peke yake aliyezaliwa Cuba. Ni ngazi. Aliyefika jana anapanda juu, na nafasi ya adui anamwachia aliyefika leo.

Picha za ukutani kwa Sal

Desemba 1986 gari la weusi liliharibika karibu na Howard Beach, Queens, mtaa wa weupe wengi wakiwa na asili ya Italia. Wakaingia duka la piza. Walipotoka wakavamiwa na vijana wenye magongo. Mmoja wao, kijana wa miaka 23 aliyezaliwa Trinidad, alikimbilia barabara kuu akagongwa na gari, akafa. Naye alikuwa mhamiaji, ona ajabu hiyo.

Tukio lile liliingia moja kwa moja kwenye Do the Right Thing ya Spike Lee, mwaka 1989. Sal ana duka la piza Brooklyn kwenye mtaa wa weusi. Ukutani kabandika picha za mastaa wenye asili ya Italia watupu. Mteja anauliza: mbona sisi ndio tunaokula hapa na hakuna picha yetu hata moja? Sal anajibu duka langu, ukuta wangu. Kutoka hapo, siku moja ya joto, mpaka kijana anakabwa na polisi anakufa na duka linawaka moto.

Spike Lee hakumfanya Sal shetani. Sal anawapenda wale watoto wa mtaa, anajivunia kwamba wamekua kwa chakula chake. Lakini hasira ikipanda, neno linalotoka mdomoni ni lilelile. Na mwanaye Pino anawachukia weusi waziwazi, huku mchezaji wake wa kikapu, mchekeshaji wake na mwanamuziki wake anaowapenda wote ni weusi. Akiulizwa, anasema hao ni tofauti. Unawajua watu wa hivyo, kila nchi ipo nao.

Agosti mwaka huohuo, muvi ikiwa bado mpya, kijana mweusi wa miaka 16, Yusuf Hawkins, alikwenda Bensonhurst na wenzake kuangalia gari la mtumba lililotangazwa kuuzwa. Kundi la vijana weupe likawazunguka, akapigwa risasi akafa. Spike Lee akamtolea wakfu muvi yake ya 1991, Jungle Fever.

Na Jungle Fever ndiyo jibu la ule mkutano wa mabosi. Ina meza mbili. Ya Kiitaliano, ambapo Angie anawapikia baba na kaka zake, na siku baba anapojua ana uhusiano na mwanaume mweusi anampiga nusura amuue. Na ya weusi, nyumbani kwa mchungaji mstaafu, ambako mtoto mmoja, Gator, ni teja. Samuel L. Jackson alimcheza Gator hadi Cannes wakampa tuzo maalumu. Mama anampa hela kwa huruma, baba anamfungia mlango, na mwisho baba anampiga risasi mwanaye. Ule unga ambao mabosi walisema uende kwa wasio na roho, huu hapa umefika, na ulikofika kuna mama, kuna baba, kuna sala kabla ya chakula.

Baba dereva na bosi wa mtaa

Mwaka 1993 Robert De Niro akaongoza filamu yake ya kwanza, A Bronx Tale, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Chazz Palminteri kuhusu utoto wake. Kama hujaitazama, acha kusoma, kaitafute, urudi.

Ni Bronx ya miaka ya 60, mtaa wa Waitaliano. Mtoto Calogero wa miaka 9 anaona Sonny, bosi wa mtaa, akimuua mtu mbele ya nyumba yao. Polisi wanampanga washukiwa, mtoto anasema hakuona. Sonny anampenda kwa hilo, anamfanya kama mwanaye. Baba mzazi, Lorenzo, ni dereva wa basi. Dili analetewa: apitishe bahasha, dola 150 kwa wiki, hakuna jasho. Anakataa. Anakuta mtoto ana mamia ya dola alizopata kwa Sonny, anamburuta kwenda kuzirudisha.

Angalia aliyecheza Lorenzo: De Niro mwenyewe. Jamaa aliyepata Oscar kwa kumcheza Vito Corleone kijana mwaka 1974, sasa amevaa sare ya dereva. Miaka 19 ilipita kati ya Vito na Lorenzo, na hatimaye yule Muitaliano anayeamka alfajiri, ambaye ndiye aliyekuwa wengi wao, akapewa uzito sawa na bosi.

Lakini muvi haiishii kumsifia baba. Calogero akiwa na miaka 17 anampenda Jane, binti mweusi. Rafiki zake kazi yao ni kuwapiga vijana weusi wanaopita mtaani na baiskeli, na mmoja wa waliopigwa ni kaka yake Jane. Anakwenda kwa baba mwema, dereva wa basi anayebeba watu wa kila rangi kila siku, na baba anasita: yeye hana ubaguzi, lakini mtu aoe kwao. Anakwenda kwa Sonny, muuaji, na Sonny anamwambia kama moyo umempenda, achana na maneno ya watu. Anamfundisha hata ule mtihani wa mlango wa gari: mfungulie binti, aingie, halafu uone kama atanyoosha mkono kukufungulia wa kwako.

Hapo ndipo muvi inapouma. Mwema ana ubaguzi mdogo wa mezani, ule wa upole, usio na kelele. Muuaji hana, kwa sababu hamjali mtu yeyote. Mtoto inabidi achambue mwenyewe achukue kipi kwa nani. Rafiki zake wanakwenda na chupa za petroli kulipua duka la weusi, chupa moja inarudishwa ndani ya gari, wanateketea wote. Calogero hayumo kwa sababu Sonny alimtoa garini. Halafu Sonny naye anauawa na mtoto wa yule aliyemuua mwanzoni. Stelingi kafa tena, lakini safari hii kuna mtoto aliyebaki hai na akili yake.

Meza bila bunduki

Na isije ikaonekana ni tabia ya Waitaliano. Mwaka 1991 Mira Nair alitoa Mississippi Masala, na hii inatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Familia ya Kihindi ya Kampala inafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, siku 90 watu wawe wameondoka. Jay, baba, kazaliwa Uganda, anaipenda kuliko kitu chochote, na rafiki yake wa utotoni, Okelo, anamwambia Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Wanaishia Greenwood, Mississippi, kwenye moteli ya ndugu zao. Binti yao Mina anagonga gari la Demetrius, kijana mweusi wa kusafisha mazulia, anayechezwa na Denzel Washington, na mapenzi yanaanza.

Demetrius anamkaribisha Mina nyumbani, anakula na ukoo mzima. Upande wa pili hakuna ukaribisho. Ndugu wa Mina wanamvamia, biashara ya Demetrius inaanza kufa. Jay, aliyeumizwa na ubaguzi hadi akapoteza nchi, anasimama mlangoni kumzuia kijana mweusi. Demetrius anamjibu kwamba rangi zao hazijapishana sana. Hakuna jambazi hata mmoja, hakuna bunduki ya mafia, na bado ni hadithi ileile.

Kwa hiyo mkitazama muvi ya wahamiaji, iwe ya Waitaliano, Wacuba au Wasomali wa Minneapolis watakapopata za kwao nyingi, msihesabu maiti. Tazameni meza. Kama mhamiaji hana meza, ujue mnauziwa woga. Kama anayo, tazameni nani hajaalikwa, maana hapo ndipo palipo na hadithi yenyewe.

Na kwa anayetaka kuona meza tupu, isiyo na kitu chini yake, mwaka 1974, mwaka uleule wa The Godfather ya pili, Martin Scorsese alitoa Italianamerican. Dakika 49. Kawakalisha baba na mama yake nyumbani kwao Manhattan, wanabishana, wanasimulia jinsi wazazi wao walivyofika kutoka Sicily, mama anaenda jikoni kuangalia mchuzi. Haimwagiki damu. Mwishoni, badala ya mazishi, wanakupa namna ya kupika ule mchuzi.